Dhana ya "Cheti" katika Uhakiki wa Leseni za Kompyuta

Hapa Mafiga, mjini Morogoro, nimezoea kusikia neno *leseni* likitumiwa kutajia kibandiko kilicho ubavuni mwa kompyuta. Matumizi hayo yanapotosha. Nakala za Windows Vista (2007) na Windows 7 (2009) zilizopakiwa na watengenezaji wakubwa hazikuhitaji namba ya kibandiko hicho ili zithibitishwe. Uhakiki wake ulitegemea mambo matatu, mithili ya mafiga yanayoinjikiwa chungu (wengine husema *majifya*).

Figa la kwanza ni jedwali lililohifadhiwa katika chipu ya bodi kuu. Jedwali hilo lina kitambulisho cha mtengenezaji chenye baiti 6, kitambulisho cha jedwali chenye baiti 8, ufunguo wa umma na alama iliyotiwa saini. La pili ni *cheti*, yaani faili iliyotiwa saini na Microsoft na kuwekwa katika diski. La tatu ni namba ya bidhaa, ambayo mtengenezaji aliitumia katika mashine zake nyingi za toleo moja.

Cheti kisipoafikiana na jedwali hukataliwa, hata kama chenyewe ni halali. Fundi anapobadili bodi kuu, huenda akaliondoa figa la kwanza pasipo kujua. Mwenye mali aliyelipa kihalali huambiwa kuwa nakala yake si halisi. Kumwita mwizi ni kosa la kisemantiki kabla ya kuwa la kisheria.

Tangu Windows 8 (2012), namba ya pekee ya kila mashine huhifadhiwa katika chipu yenyewe. Napendekeza *cheti* libaki kuwa jina la faili, *leseni* litaje haki ya kutumia, na kibandiko kiitwe kibandiko.