Mali Bila Daftari: Funzo la Gari la Steinbeck

Walimu wengi wa shule za upili wangali wanaikumbuka The Pearl, riwaya fupi ya Mmarekani John Steinbeck, ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa miongoni mwa vitabu vya hiari katika mtihani wa Kiingereza wa KCSE. Pengine si wengi wajuao kwamba mwandishi huyo aliacha pia gari, na kwamba historia ya gari hilo yastahili kusomeshwa darasani sawa na riwaya yenyewe.

Mwaka 1960 Steinbeck alikuwa na umri wa miaka 58. Alihisi kwamba alikuwa akiandika juu ya nchi asiyoijua tena, akaazimia kuizunguka. Aliagiza pikapu ya GMC, akaibebesha mgongoni kijumba kilichoundwa na kampuni ya Wolverine ya jimbo la Michigan. Ndani ya kijumba hicho mlikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko la gesi lenye meko manne, jokofu, kabati, choo na madirisha yenye wavu wa kuzuia wadudu. Gari akaliita Rocinante, jina la farasi dhaifu wa Don Quixote katika riwaya ya Cervantes iliyotoka mwaka 1605. Mwezi Septemba 1960 aliondoka Sag Harbor, New York, pamoja na mbwa wake Charley, akasafiri yapata kilomita 16,000. Matunda ya safari hiyo ni kitabu Travels with Charley, kilichochapishwa mwaka 1962, mwaka ule ule alipotunukiwa Tuzo ya Nobel.

Je, gari lilikuwaje baada ya hapo? Steinbeck hakudumu nalo. Liliuzwa, likaangukia mikononi mwa mtu wa kazi za benki, naye akalitumia shambani kwake. Sote twajua hatima ya pikapu za shambani: hubebeshwa mizigo hadi zikachoka, kisha zikageuka chuma chakavu na makao ya kuku. Hili halikupatwa na hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilifikishwa Salinas, California, mji alikozaliwa Steinbeck mwaka 1902, likakarabatiwa. Leo limo katika National Steinbeck Center, kituo kilichofunguliwa mwaka 1998, nalo hutazamwa na wageni wa kila namna. Mwandishi alikuwa nalo kwa muda mfupi tu. Aliyekaa nalo miaka mingi ni yule mmiliki wa pili, ambaye hakuandika kitabu wala hakupewa tuzo. Bila yeye, fundi wa ukarabati asingekuwa na cha kukarabati. Waama, kitunze kidumu.

Hapa yanibidi niungame kosa langu. Nilipoanza kufundisha elimumitindo chuoni, nilikuwa nikiwapa wanafunzi kitabu hicho kama kielelezo cha masimulizi ya kweli. Niliwaambia kwamba lugha yake ni nyepesi kwa sababu mwandishi anasema aliyoyaona. Mwaka 2010 mwanahabari Bill Steigerwald alianza kuifuatilia njia ya Steinbeck, na mwaka uliofuata akachapisha aliyoyagundua. Alionyesha kwamba usiku mwingi Steinbeck hakulala garini bali hotelini au nyumbani kwa marafiki. Isitoshe, kwa sehemu kubwa ya safari alikuwa na mkewe, Elaine, ilhali kitabu chamwonyesha kama mpweke mwenye mbwa wake. Toleo la mwaka 2012, lililoadhimisha miaka 50 ya kitabu, lilibeba utangulizi unaomtahadharisha msomaji asiyachukue yote neno kwa neno.

Nilirudi darasani nikayasema hayo kwa haya. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ikiwa gari lipo, safari imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu siku ile.

Nadhani ninalo sasa. Gari lililokarabatiwa ni shahidi, lakini ni shahidi wa mambo machache. Kitanda chake kinathibitisha kwamba Steinbeck angeweza kulala humo. Hakithibitishi kwamba alilala. Fundi aweza kurejesha rangi, bati na injini, ila hawezi kurejesha usiku wa mwaka 1960. Kilichoufichua ukweli ni karatasi. Muswada wa kwanza, ulioandikwa kwa mkono, umehifadhiwa katika Maktaba ya Morgan jijini New York, na humo mna kurasa zinazomtaja Elaine ambazo ziliondolewa kabla ya kitabu kuchapishwa. Gari bila muswada huo lingeendelea kuusaidia uongo, tena bila kukusudia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nathubutu kuongeza kwamba mali bila daftari yaweza pia kudumu na kutoa habari isiyo sahihi.

Basi tujiulize, walimu wenzangu. Miswada ya awali ya waandishi wetu wa Kiswahili imo mikononi mwa nani? Nani alikuwa nayo kabla yake, na ni mistari gani iliyofutwa kabla haijafika kwa mchapishaji? Mara nyingi karatasi hizo zimo sandukuni kwa mjane au mpwa, naye hana habari kwamba amekuwa yule mmiliki wa pili. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu angefanya jambo la maana kumtembelea mtu huyo, akaiona karatasi, akaandika imetoka kwa nani na lini. Asimnyang'anye. Amweleze tu thamani ya alichonacho, kabla panya na mvua hazijafika.