Kalemie: Kuagiza sonda lambda ya motokari kunataka nambari, si jina tu

Taa ya moteri ikiwaka kwenye tablo ya Toyota Altezza, na esansi ikaanza kuisha upesi kuliko kawaida, neno la kwanza linalosikika garajini ni kwamba sonda lambda imekufa. Simu inapigwa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, au Lubumbashi. Pesa inatumwa. Kipuri kinapofika, pengine plagi yake haiingii. Pengine inaingia, lakini taa inabaki inawaka.

Katika mji kama Kalemie, makao makuu ya jimbo la Tanganyika, ambako vipuri vinapitia ziwani au njia ndefu ya Katanga, kosa la kuchagua halirekebishwi siku ileile. Kurudisha mzigo kunagharimu tena boti na siku nyingine za kungoja. Na muuzaji wa vipuri vya umeme mara nyingi hapokei tena kilichokwisha kufungwa kwenye motokari.

Kifaa kidogo, kazi kubwa

Sonda lambda ni kifaa kinachofungwa kwenye bomba la moshi. Kinalinganisha oksijeni iliyobaki katika moshi na ile ya hewa ya nje, kisha kinaitumia kompyuta ya moteri habari kwa umeme. Ili esansi iungue vizuri, kilo 1 yake inahitaji hewa ya kilo 14.7 hivi. Esansi ikizidi, sonda ya kawaida inatoa volti 0.9 hivi, hewa ikizidi, inashuka mpaka karibu 0.1. Kompyuta inasoma na kusahihisha kila mara.

Kifaa hiki hakifanyi kazi kikiwa baridi. Kinahitaji joto la nyuzi 300 na zaidi, ndiyo sababu sonda nyingi zina kipashajoto ndani. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoitengeneza, na motokari za kwanza kuuzwa nayo zilikuwa za Volvo, mwaka 1976. Jina linatokana na herufi ya Kigiriki. Ng'ambo ya ziwa, wauzaji wa Kigoma na Dar es Salaam wanaiita sensa ya oksijeni. Mwenye kuagiza ajue majina yote mawili.

Kwanza kuhakikisha

Nambari ya hitilafu inayosomwa na skana haisemi kipuri gani kimekufa. Inasema ni wapi pa kutafuta. P0135 inahusu kipashajoto cha sonda ya mbele, na sababu inaweza kuwa fyuzi iliyoungua au waya uliokatika. P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko esansi. Hiyo yaweza kuwa mpira uliopasuka unaoingiza hewa ambayo kompyuta haikuipima. P0420 inahusu katalizeri, na kubadilisha sonda peke yake mara nyingi hakuiondoi.

Kuna pia tundu kwenye bomba la moshi. Likiwa kabla ya sonda, hewa ya nje inaingia, sonda inaona oksijeni nyingi, na kompyuta inaongeza esansi isiyohitajika. Sonda inasema kweli juu ya inachokiona. Bomba ndilo linaloidanganya. Hapo kazi ni ya mchomeleaji, si ya muuzaji wa vipuri.

Tena, si kila skana ndogo inazungumza na motokari za soko la Japani za miaka ya 1990. Kwa Toyota nyingi za wakati huo, fundi mwenye uzoefu anaunganisha matundu mawili ya plagi ya uchunguzi na kuhesabu taa inavyopepesa.

Jina moja, moteri mbili

Altezza, motokari ya mbio iliyouzwa Japani kuanzia 1998 mpaka 2005 na kupendwa sana na vijana wa Afrika Mashariki, inaonyesha vizuri mtego ulipo. Kwa nje ni motokari ileile. Ndani, AS200 ina moteri 1G-FE ya silinda 6, na RS200 ina 3S-GE ya silinda 4. Zote ni za lita 2. Anayeagiza sonda ya Altezza bila kusema zaidi hajamwambia muuzaji kitu.

Jibu liko kwenye kibati cha nambari ya shasi, chini ya kifuniko cha moteri. SXE10 ni ya silinda 4, GXE10 ni ya silinda 6. Lakini motokari iliyozunguka mikono mingi inaweza kuwa imebadilishiwa moteri, kwa hiyo nambari ya moteri yenyewe inaangaliwa pia.

Kisha kuna mahali. Moteri moja inaweza kuwa na sonda moja, mbili au hata nne. Ya kabla ya katalizeri inaongoza esansi. Ya baada yake inachunguza kama katalizeri inafanya kazi. Hazibadilishani ovyo. Zaidi ya hapo, Toyota nyingi za miaka iliyofuata zina sonda ya mbele ya aina nyingine, inayopima kiasi cha hewa na esansi kwa upana zaidi. Aina zote mbili zinaweza kuwa na waya 4, kwa hiyo kuhesabu waya peke yake hakutoshi.

Mpya, ya ocasio au ya kuunganisha

Sonda ya ocasio ni bei rahisi, lakini macho hayawezi kuona uzee wake. Sonda ya kisasa hutajwa kudumu kilomita 160,000 hivi, na ile iliyotolewa kwenye motokari iliyovunjwa inaweza kuwa imekwisha kuzipita. Sonda za kuunganisha waya zinauzwa bila plagi. Zinafaa zikiwa za aina ileile, na waya zikibanwa kwa viungio vyake, si kuchomelewa kwa risasi, kwa sababu baadhi ya sonda zinavuta hewa ya nje kupitia ndani ya waya.

Njia salama ni kusoma nambari iliyoandikwa kwenye mwili wa sonda ya zamani na kutafuta ileile, au ya mtengenezaji anayeitaja kama inayolingana. Denso ni mmoja wa wanaoitengenezea Toyota tangu kiwandani. Boksi lenye jina hilo bado si ushahidi; nambari ya boksi na ya kipuri ndani yake zinapaswa kufanana.

Kilichoiua ya kwanza

Zamani adui alikuwa esansi yenye risasi, iliyoondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Leo sonda inauawa na moteri inayochoma mafuta yake, maji ya rejeta yanayovuja ndani ya silinda, gundi ya silikoni isiyofaa na esansi iliyochanganywa. Anayenunua kwa Kadhafi wa pembeni ya njia hajui kilicho ndani ya bido. Moteri ikitoa moshi wa bluu na ikaachwa hivyo, sonda mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Wengine wanachagua kuichomoa tu. Motokari inatembea, lakini kompyuta inabaki inakadiria bila kusahihisha. Kwa kawaida esansi inazidi, na katalizeri inapata joto kupita kiasi mpaka inaharibika.

Kwa mwenye motokari wa Kalemie, kazi yote kabla ya kutuma pesa inaingia katika picha tatu za simu: kibati cha shasi, nambari ya sonda ya zamani, na plagi yake pamoja na urefu wa waya. Muuzaji asiyetaka kuziangalia, huko Kigoma au Lubumbashi, huenda si mtu wa kutumiwa pesa.