Hoteli Isiyo na Kisima

Muhula uliopita darasa letu lilikwenda Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kama kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja. Wenzetu waliobaki shuleni wametuuliza mara nyingi tulikwenda kufanya nini katika hoteli ya watalii. Wana haki ya kuuliza, nami nitajaribu kuwajibu katika nafasi niliyopewa na mhariri.

Yafaa niseme kwanza kwamba nilikwenda na shaka moyoni. Kwa bibi yangu, pwani ya mashariki, ipo hoteli iliyojengwa kabla sijazaliwa. Huvuta maji ya ardhini mchana na usiku, kwa bafu, bustani na birika la kuogelea. Sasa kisima cha bibi kina chumvi, na kila likizo mimi ndiye nitwikwaye ndoo kwenda kuteka mbali. Jambo hili si uchawi. Katika ardhi ya mawe ya pwani, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakivutwa kupita kiasi kinachorudishwa na mvua, maji ya chumvi hupanda kutoka chini. Hoteli huweza kununua maji ya gari, bibi hawezi.

Basi tulipofika Chumbe nilitafuta kisima, nisikione. Kisiwa kile hakina maji matamu kabisa. Mabanda ya wageni ni 7 tu, na kila moja lina paa kubwa la makuti lililoinamishwa ili likinge mvua. Maji huchujwa na kuingia katika tangi lililo chini ya sakafu, na mgeni huoga kwa hayo hayo, yakiwa yamepashwa moto na jua. Maji yaliyokwisha kuogewa hayamwagwi baharini. Hupitishwa katika kitalu chenye mchanga na mimea, na mimea hunywa ule uchafu wa sabuni ambao ungeotesha mwani juu ya matumbawe na kuyaua. Choo nacho hakina maji. Aliyekitumia hutupia majani makavu, na vyote huoza pamoja vikawa mbolea. Hapo wasichana wengine walicheka sana, lakini nawaambieni kweli, hakinuki kama vyoo vya bweni letu.

Habari za mwanzo wake ni fupi. Zamani hapakuwa na makao pale ila ya mlinzi wa mnara wa taa, uliojengwa mwaka 1904. Mama mmoja Mjerumani, Sibylle Riedmiller, aliona uzuri wa mwamba wa upande wa magharibi akaiomba Serikali ilindwe sehemu ile. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikaitangaza kuwa hifadhi, pamoja na msitu wa kisiwani, na mwaka 1998 hoteli ikaanza kupokea wageni. Fedha za wageni ndizo zinazolipa ulinzi, na ndizo zinazowapeleka watoto wa shule kama sisi. Wengi wetu, ingawa tumezaliwa kisiwani, hatujui kuogelea. Mimi nilivishwa boya na miwani ya maji, nikashikwa mkono, na kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho ami yangu huvua juu yake kila siku bila kukiona.

Ami yangu ni mvuvi wa dema, na swali lake ndilo gumu kuliko yote. Yeye husema, "Wakifunga bahari, mimi nile nini?" Nilimpelekea swali hilo mmoja wa walinzi. Akanijibu kuwa walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi, wakafundishwa kazi mpya. Hawachukui silaha. Mvuvi akiingia mpakani humwendea kwa mashua, wakamweleza kwa lugha yake, na kuandika habari zake daftarini. Kisha akanieleza sababu yenyewe. Samaki jike aliyekua sana hutaga mayai mengi mno kuliko wadogo kadhaa wakijumlishwa pamoja. Akiachwa azeeke mahali pamoja, mayai na watoto wake huchukuliwa na mkondo wa maji, na wakubwa wengine huvuka mpaka wenyewe kutafuta chakula. Mpaka umo katika ramani ya watu, samaki haujui. Kwa hiyo sehemu ndogo iliyofungwa hulisha sehemu kubwa iliyo wazi, maadamu imefungwa kweli.

Hata hivyo sitaki msomaji afikiri kuwa mambo yote ni sawa. Bahari ilipopata joto kali mwaka 1998, na tena mwaka 2016, matumbawe yalipauka, na hakuna mlinzi awezaye kulizuia joto. Tena mwaka 2020, korona ilipowazuia watalii, hoteli za Unguja zilikosa mapato. Hifadhi itegemeayo mfuko wa mgeni hupata shida mgeni asipokuja, na kwa maoni yangu hilo ndilo tundu lililo katika mpango huu. Pia mabanda 7 hayawezi kuajiri kijiji kizima. Lakini ile hoteli ya kwa bibi ina vyumba vingi, na sijaona mtu wa jirani aliyepata kazi kubwa kuliko kufagia.

Likizo ilipofika nilimsimulia ami yote haya alipokuwa akisuka dema. Hakusema kitu, ila aliniuliza yule chewa niliyemwona alikuwa na ukubwa gani. Nikanyosha mikono yangu miwili mpaka mwisho. Akaacha kusuka, akanitazama. Kisha akauliza kama kazi ya ulinzi bado wanaandika watu. Nikaona haya, maana hilo sikuliuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne