Umeitwa Kwenye Usaili Kampala: Jiandae Hivi

[MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Umeitwa Kampala kwa usaili wa kazi: hotelini, saluni au shuleni. Kuna swali litakalokuja mapema: "Wewe ni mkimbizi. Unaruhusiwa kufanya kazi?"

SAUTI YA PILI: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kuajiriwa. Waajiri wengi hawalijui hilo. Usikasirike, usione haya. Onyesha kitambulisho chako cha OPM, ujibu kwa utulivu: "Ndiyo, sheria inaniruhusu." Akitaja kibali cha kazi, usibishane. Uliza ofisi ya OPM kabla ya siku yenyewe, uende na jibu.

MTANGAZAJI: Na vyeti vya Kifaransa?

SAUTI YA PILI: Vitafsiriwe kwa Kiingereza. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na UNEB, vya chuo kikuu na NCHE. Hilo huchukua muda, basi lianze hata kabla hujaitwa.

MTANGAZAJI: Je, kama vyeti viliungua vitani?

SAUTI YA PILI: Taja kazi uliyoifanya, wapi, na kwa muda gani: "Nilishona sare za shule Bukavu kwa miaka 4." Miaka ya kambini nayo ihesabu. Kama ulitafsiri zahanati, ulifundisha watoto au uliongoza kikundi cha akiba, hiyo ni kazi. Isemee.

MTANGAZAJI: Na safari?

SAUTI YA PILI: Ukitoka Nakivale au Kyangwali, omba kibali cha kusafiri mapema kwenye ofisi ya OPM ya makazi. Fika Kampala siku moja kabla, maana msongamano wa magari hauna huruma. Ukiingia, salimu kwa Kiluganda: "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke. Kisha jiandae kuendelea kwa Kiingereza.

MTANGAZAJI: Tahadhari moja, msikilizaji. Anayekudai pesa ya fomu au ya "kukufungulia mlango" hana kazi ya kukupa. Mwachie nakala ya kitambulisho tu, kamwe usimwachie chenyewe. Mwambie mtu wako wa karibu unakokwenda na saa ya kurudi.

Jioni ya leo, keti na jirani. Akuulize lile swali la kwanza mara tatu, nawe ujibu kwa Kiingereza mpaka sauti isitetemeke. Kila la heri.

[MUZIKI WA KUFUNGA]