Mama Aliyeandikwa Bila Jina

Masomo: Nehemia 7:61–65, Luka 10:17–20

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya majina, na hasa majina ya mama zetu na nyanya zetu.

Ninyi mmekwenda matangani mara nyingi, kama sisi. Mnaijua ile saa mtu anaposimama kusoma habari za marehemu. Kama marehemu ni mama mzee, mara nyingi habari zake ni fupi. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani. Aliolewa na mzee fulani. Alizaa watoto saba. Alikuwa mtu wa bidii. Basi. Miaka themanini ya kulima, kuchota maji, kuuguza wagonjwa na kuomba usiku imekwisha kwa dakika mbili. Wajukuu wanatazamana, kwa maana hakuna ajuaye baba yake aliitwa nani, wala yeye mwenyewe aliitwaje kabla ya kubatizwa.

Je, mama wa namna hiyo aweza kutafutwa akapatikana? Ndiyo, aweza. Tutawapa mfano wa mama mmoja mkulima aliyeishi Marekani katika karne ya 19. Jina lake ni Sarah Bush. Hakuacha daftari ya maisha yake, wala hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mke wa mkulima, akikaa katika nyumba ya magogo.

Mtu akitaka kumtafuta, kwanza atafungua vitabu vya hesabu ya watu. Serikali ya Marekani imehesabu watu kila miaka 10 tangu mwaka wa 1790. Lakini mpaka hesabu ya 1840, karani aliandika jina la mwenye nyumba peke yake. Wengine wote nyumbani walitiwa katika safu kwa umri wao, tarakimu tu. Katika hesabu ya 1820, wilaya ya Spencer, jimbo la Indiana, tunaona jina la mumewe, Thomas Lincoln. Sarah alikuwa na miaka 31. Kwa hiyo mahali pake palikuwa katika safu ya wanawake wa miaka 26 hadi 45. Jina lake halimo. Yeye aliyepika, aliyefua na kusokota nyuzi za nguo za nyumba nzima, alikuwa alama moja ya wino.

Hesabu ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru. Hata hivyo, mwaka ule swali la kazi liliulizwa kwa wanaume tu. Mama aliyeamka kabla ya jogoo kuwika hakuulizwa anafanya kazi gani! Na watumwa weusi waliandikwa mbali, katika orodha nyingine, chini ya jina la bwana wao. Karibu wote waliandikwa umri wao, na kama ni mume au mke, na rangi yao, bila jina. Ilikuwa hivyo mwaka wa 1850 na tena mwaka wa 1860. Wapendwa, tusipite hapo upesi. Wale ni watu ambao wazee wao walichukuliwa kutoka bara letu hili.

Basi mtafutaji asikate tamaa, bali aende penye vitabu vya ndoa. Hapo atajifunza jambo la pili: mwanamke hutafutwa kwa majina zaidi ya moja. Sarah alizaliwa katika jamaa ya Bush tarehe 13 Desemba 1788. Mwaka wa 1806 aliolewa na Daniel Johnston. Mumewe akafa mwaka wa 1816, akamwacha na watoto watatu. Tarehe 2 Desemba 1819 aliolewa na Thomas Lincoln katika mji wa Elizabethtown, jimbo la Kentucky. Mtu akimtafuta kwa jina la Lincoln peke yake, ataikosa miaka 30 ya kwanza ya maisha yake. Samuel Haycraft, aliyekuwa karani wa korti pale, alieleza baadaye kwamba mjane huyo alikuwa na madeni madogo, naye hakutaka kuondoka kabla hayajalipwa. Thomas akayalipa, ndipo wakaoana. Hivyo kumbukumbu ya karani yatuonyesha si tarehe tu, bali moyo wa mwanamke mwaminifu.

Thomas naye alikuwa amefiwa. Mkewe wa kwanza, Nancy, alikufa Oktoba 1818 kwa ugonjwa wa maziwa. Ugonjwa huo uliwapata watu waliokunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani fulani yenye sumu. Akaacha msichana na mvulana. Dennis Hanks, kijana wa jamaa aliyekaa nao, alisimulia jinsi Sarah alivyowakuta watoto hao wachafu, wenye nguo mbovu, katika nyumba yenye sakafu ya udongo. Hakuwasukuma kando ili kuwapa wake nafasi. Aliwaogesha, akawavika, akawapa matandiko aliyokuja nayo, akamhimiza mumewe atie mbao sakafuni. Katika hadithi zetu nyingi mama wa kambo ni mtu mbaya. Huyu sivyo. Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Yule mvulana wa miaka 10 aliitwa Abraham. Baadaye alikuwa wakili, na mwaka wa 1861 akawa Rais wa Marekani. Yeye mwenyewe alituachia alama mbili za mama huyu. Ya kwanza ni hati ya shamba. Mwaka wa 1841 alinunua ekari 40 kwa baba yake, katika jimbo la Illinois, kwa dola 200, na hati ikasema kwamba wazee hao wawili watalitumia shamba hilo maisha yao yote. Ya pili imo katika Biblia ya jamaa. Abraham aliandika kwa mkono wake kuzaliwa, kuoana na kufa kwa watu wa nyumba yao. Humo aliandika jina la Sarah Bush, na siku yake ya kuzaliwa. Kitabu cha serikali kilikuwa kimemwita tarakimu, lakini Biblia ya nyumbani ilimwita kwa jina.

Alama ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote. Abraham aliuawa Aprili 1865. Tarehe 8 Septemba mwaka uo huo, William Herndon, aliyekuwa mwenzake katika kazi ya sheria, alimwendea Sarah nyumbani kwake akaketi naye. Mama alikuwa na miaka 76. Herndon alidhani amezeeka mno asiweze kukumbuka kitu, lakini alipoulizwa polepole, akasema. Akaeleza jinsi alivyomsihi mumewe amwache kijana asome nyumbani, na jinsi kijana yule hakumjibu kwa ukali hata siku moja. Herndon akaandika yote. Sarah alifariki Aprili 1869. Kama yule bwana angalichelewa miaka minne, maneno hayo yangalizikwa pamoja naye.

Wapenzi wasikilizaji, hapo ndipo tunapojiuliza. Sarah alitafutwa kwa sababu mwanawe alikuwa Rais. Lakini wako mama wengi waliolea vizuri vile vile, ambao wana wao hawakuwa wakubwa. Hao nani atawaandika? Hapa kwetu, serikali ya kikoloni ilipotoza kodi ya nyumba, daftari ilitafuta jina la mwanamume mwenye boma. Kipande nacho walivaa wanaume. Nyanya zetu hawamo humo. Mara nyingi utawapata mahali pawili tu: katika rejista ya ubatizo na ya ndoa kanisani, na katika vichwa vya wazee wetu. Rejista zaliwa na mchwa, na wazee wanatuacha kila mwaka.

Nehemia atuambia habari za watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta orodha ya jamaa zao wasiione, hata wengine wakatolewa katika ukuhani. Kati yao walikuwamo watu walioitwa kwa jina la Barzilai, kwa sababu mzee wao alioa binti wa jamaa hiyo. Binti huyo ndiye aliyewaletea jina lao, lakini jina lake mwenyewe halikuandikwa.

Basi tufanye nini? Tunawaomba mfanye jambo dogo juma hili. Ketini na mama mzee nyumbani, au mwendeeni. Mwulizeni jina lake la kwanza, jina la baba yake na la mama yake, mahali alipozaliwa, na mwaka gani. Kama haujui mwaka, mwulizeni kulikuwa na njaa gani, au nzige, au vita gani. Mwulizeni alivyomjua Bwana. Msimharakishe. Yaandikeni katika kurasa za mbele za Biblia yenu, na tarehe mliyoandika. Na ninyi wazee wa kanisa, zitazameni rejista zenu. Zikiwa zimechakaa, zinakilini upya na kuziweka mahali pakavu.

Hata hivyo, tukifanya bidii namna gani, wengi hatutawapata. Karatasi zimeoza na mashahidi wamelala. Ndiyo maana neno la Bwana Yesu kwa wale sabini ni faraja kuu. Walirudi wakifurahia mambo makubwa waliyoyatenda. Yeye akawaambia wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Kitabu kile hakina safu ya tarakimu. Karani wake hasahau, na mchwa haufiki. Nyanya aliyemwamini Kristo, akafa bila mtu kujua mwaka wake, jina lake limo.

Na wewe unayetusikiliza, jina lako limo? Hilo haliandikwi na mjukuu wako baada ya mazishi. Laandikwa leo, ukimwamini Mwokozi.

Na tuombe. Ee Baba, twakushukuru kwa mama waliotulea, wale tunaowajua majina na wale tuliowasahau. Utusamehe uvivu wetu. Utupe muda wa kuwasikiliza walio hai. Na kwa neema yako, majina yetu yaonekane pamoja na yao siku ile. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.