Mambo Yasiyopimika na Mshahara Unaopimika

Siku ya mshahara ikifika, mabishano ya mpira wa kikapu hunoga katika mitaa ya Bwiza. Mchezo huu una wenyewe mjini Bujumbura. Dynamo, Urunani na New Star ni majina ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyatolea hoja. Lakini siku hizi mabishano hayaishii kwenye maneno. Huishia kwenye simu ya mkononi, ambako mtu huweka dau juu ya timu ya Dakar, ya Luanda au ya Boston, na dau hilo hutoka kwenye ujira aliousubiri mwezi mzima.

Hatuandiki ukurasa huu kumtukana mtu yeyote. Mfanyakazi ana haki ya kustarehe, na fedha alizozitolea jasho ni zake. Tunaandika kwa sababu kuna hoja moja inayorudiwa kila mahali, nayo ndiyo inayofungua mifuko. Hoja yenyewe ni hii: "Kampuni ya kamari ina namba, lakini mimi naujua mchezo. Namba haziuoni moyo wa timu." Hoja hii ina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo yafaa tuipime kwa makini.

Yasiyopimika ni yapi?

Katika mpira wa kikapu kuna mambo yanayohesabika: pointi, mipira iliyodakwa, dakika alizocheza kila mtu, idadi ya makosa. Na kuna mambo yasiyoingia kwenye daftari la mwamuzi: uchovu wa safari, ugomvi kati ya mchezaji na kocha, posho zilizochelewa, kelele za mashabiki, hamu ya kulipiza kisasi, hofu ya mchezaji kijana anayecheza fainali kwa mara ya kwanza.

Mambo haya yapo, na yana nguvu. Katika ligi ya NBA ya Marekani kila timu hucheza mechi 82 kwa msimu wa kawaida, na mara nyingine hucheza siku mbili mfululizo katika miji miwili tofauti. Hakuna asiyejua kwamba miguu iliyochoka hurusha mpira mfupi. Aliyefanya zamu ya usiku kiwandani, au aliyeamka alfajiri kuchuma chai kilimani, hahitaji kufundishwa uchovu ni nini. Vilevile, kwa miaka mingi timu za NBA zilizocheza nyumbani zilishinda takriban mechi 6 katika kila 10.

Kwa hiyo swali letu halihusu kuwepo kwa mambo hayo. Twauliza kama mtu aliyekaa Bwiza na simu yake anaweza kuyapima vizuri kiasi cha kuyageuza kuwa fedha.

Somo la Pretoria

Tuna mfano wetu wenyewe, wala hatuna haja ya kuuazima mbali. Mwaka 2024 klabu ya Dynamo ya Bujumbura ilishiriki Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, ile iitwayo BAL, iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa NBA na shirikisho la dunia, FIBA. Kundi lake lilichezea Pretoria, Afrika Kusini, mwezi Machi. Tukumbuke hali ya wakati ule. Januari mwaka huo Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda, ikiituhumu Rwanda kuwasaidia waasi walioshambulia Gatumba Desemba 2023. Rwanda ilikanusha. Na kwenye fulana za ligi hiyo kulikuwa na tangazo la mdhamini: "Visit Rwanda".

Tarehe 9 Machi Dynamo waliingia uwanjani wakiwa wamelifunika tangazo hilo kwa utepe. Wapinzani wao walikuwa Cape Town Tigers, waliokuwa wakicheza katika nchi yao. Sasa mtu anayependa kupima yasiyopimika angesema nini asubuhi ile? Mmoja angesema: "Dynamo wana mzozo juu ya fulana, akili zao haziko kwenye mchezo, na wako ugenini. Watafungwa." Mwingine angesema: "Vijana wana hasira, nchi nzima inawatazama. Watapigana kufa na kupona. Watashinda." Hoja zote mbili zinaingia akilini, na zote mbili zimejengwa juu ya jambo lilelile moja. Dynamo walishinda kwa pointi 86 dhidi ya 73. Baada ya filimbi ya mwisho, yule wa pili angejiita bingwa wa kusoma mioyo. Kama wangefungwa, bingwa angekuwa yule wa kwanza.

Hapo tunapata somo la kwanza: jambo lisilopimika laweza kusimuliwa pande zote mbili, na msimuliaji huonekana mwerevu matokeo yakishajulikana. Ratili inayosoma kilo moja au kilo mbili kwa gunia lilelile, kutegemea nani anaitazama, hakuna mkulima wa kahawa anayekubali kupimiwa nayo.

Yaliyofuata yana somo kubwa zaidi. Ligi ilishika kanuni yake ya mavazi. Siku iliyofuata Dynamo hawakucheza dhidi ya FUS Rabat ya Morocco, wakahesabiwa kushindwa. Walipokosa tena mechi dhidi ya Petro de Luanda ya Angola, wakaondolewa kwenye mashindano. Timu iliyokuwa imeshinda uwanjani ikarudi nyumbani bila kupoteza hata mechi moja kwa mpira. Petro wakaendelea hadi kutwaa ubingwa wa mwaka huo.

Ni jambo gani lingeweza kuwa zito kuliko hilo? Tangazo la fulana na uhusiano wa serikali mbili viliamua kila kitu, na hakuna daftari la takwimu lililokuwa na safu ya kuyaandika hayo. Lakini tujiulize: hata mtu aliyejua kabla kwamba Dynamo hawatacheza, angepata nini? Kanuni ya kawaida ya kampuni za kamari ni kwamba mechi isiyochezwa hufutwa na dau hurudishwa. Alijua jambo kubwa kuliko yote, na ujuzi wake haukumzalia faranga hata moja.

Bei imekwisha kula

Sasa tutazame upande wa kampuni. Wengi hudhani bei inayoonyeshwa kwenye simu imetoka kwenye mashine isiyojua chochote ila namba. Sivyo. Bei hupangwa, kisha husogezwa kila fedha zinapoingia na kila habari inapotokea. Mchezaji akiumia goti, bei hubadilika mara moja. Ikijulikana kwamba timu imesafiri usiku kucha, bei hubadilika. Faida ya uwanja wa nyumbani imo ndani ya bei tangu mwanzo, na uchovu wa mechi za mfululizo umo pia.

Mfano wake ni soko la ndizi. Kama kila mtu sokoni anajua kwamba mvua imenyesha vibaya na ndizi zitapungua, bei imepanda kabla hujafika na kikapu chako. Huwezi kununua kwa bei ya jana kwa sababu tu nawe umesikia habari ya mvua. Vivyo hivyo, ukisikia redioni kwamba timu fulani ina moyo wa kulipiza kisasi, ujue kampuni imesikia kabla yako.

Tena tuhesabu saa. Mechi inayoanza New York saa moja na nusu usiku wakati wa baridi, hapa Bujumbura ni saa nane na nusu usiku wa manane. Habari za mwisho, nani anacheza na nani anapumzishwa, mara nyingi hutoka wakati mfanyakazi wa zamu ya asubuhi amelala. Yeye aliweka dau jioni. Wenye kazi hiyo wako macho.

Wanaojua kabla yetu

Wapo kweli watu wanaoyajua yasiyojulikana. Lakini hao si mashabiki, ni watu wa ndani. Mwaka 2007 mwamuzi wa NBA, Tim Donaghy, aliacha kazi baada ya uchunguzi wa polisi wa Marekani. Alikuwa akicheza kamari juu ya ligi yake na kuwapa wenzake siri, na mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwezi Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter, mchezaji wa Toronto Raptors. Ligi ilisema alimpasha habari za siri za afya yake mtu aliyejulikana kuwa mcheza kamari. Katika mechi ya tarehe 20 Machi 2024 alitoka baada ya dakika tatu hivi, akidai anaumwa, huku mtu mmoja akiwa ameweka dola 80,000 kwamba Porter atafanya vibaya, apate dola milioni 1.1. Dau hilo lilisimamishwa na halikulipwa.

Mtu aliyekaa kibandani Bwiza siku kama ile, akiweka dau kwamba Porter atacheza vizuri kwa sababu "ana ari", alikuwa anashindana na nani? Alikuwa anashindana na Porter mwenyewe.

Na yale ambayo hata watu wa ndani hawana hakika nayo? Chukua imani kwamba mchezaji aliyefunga mara kadhaa mfululizo "amepata mkono wa moto" na atafunga tena. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Gilovich, Vallone na Tversky, walichunguza mitupo ya wachezaji wa Philadelphia 76ers na kusema hakuna kitu kama hicho. Mwaka 2018 wataalamu wengine, Miller na Sanjurjo, walionyesha kwamba hesabu ile ilikuwa na kasoro iliyojificha, na kwamba huenda mkono wa moto upo. Wasomi wenye madaftari na mashine wamebishana zaidi ya miaka 30 juu ya jambo moja. Sisi twaliamua kwa dakika tano, kisha twaliwekea fedha ya unga.

Hesabu ya dau

Tuyaache sasa yasiyopimika, tupime yanayopimika. Chukua mechi ya timu mbili zenye nguvu sawa. Haki ingekuwa ukiweka faranga 1,000 na kushinda, upokee 2,000. Kampuni huandika 1.90 kila upande, yaani hulipa 1,900. Weka dau mara 100, jumla faranga 100,000. Ukishinda nusu, utapokea 95,000. Faranga 5,000 zimebaki kwa mwenye kibanda, bila yeye kujua lolote juu ya moyo wa timu. Ili urudishe fedha zako tu, ni lazima ushinde mara 53 katika 100, mwaka hadi mwaka.

Mkeka ni mbaya zaidi. Unganisha mechi 5 za aina hiyo. Kampuni itakuahidi takriban faranga 24,760 kwa 1,000, na macho yatang'aa. Lakini nafasi ya kupatia zote 5 ni moja katika 32, kwa hiyo malipo ya haki ni 32,000. Makato hayako tena 5 katika 100, yamekuwa karibu 23. Unganisha mechi 10, makato yanafika 40. Mwajiri akikata mishahara yetu kwa kiwango hicho, tungefanya mkutano siku hiyohiyo na kuteua wajumbe. Hapa tunakatwa kimya kimya, na tunarudi wenyewe kesho yake.

Maswali matatu

Kwa hiyo, mwenzetu akikuambia ameona jambo ambalo namba hazilioni, usimcheke. Muulize maswali matatu. La kwanza: je, jambo hilo laweza kusimuliwa upande wa pili pia? La pili: ni nani mwingine analijua, na amelijua tangu lini? La tatu: je, bei imekwisha kulibeba? Asipoweza kuyajibu yote matatu, alicho nacho ni mapenzi ya mchezo. Mapenzi ya mchezo ni kitu chema, wala hayahitaji dau ili yawe matamu.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kamari hukimwaga kibaba hichohicho, nayo kwa haba na haba. Faranga 1,000 kila siku ya kazi, kwa siku 25, ni 25,000 kwa mwezi. Ziweke katika kikundi cha kuweka na kukopa cha wenzako, na mwisho wa mwaka utakuta faranga 300,000 ulizoweka. Hapo hakuna mwamuzi wala goti la mtu.

Ndugu wafanyakazi, tuendelee kubishana juu ya Dynamo na Urunani. Twende uwanjani tuwashangilie vijana wetu, maana moyo walionao hauandikwi kwenye takwimu, nao watustahili kelele zetu zote. Lakini mshahara una wenyewe nyumbani, na hao wanajua kuhesabu.