Ni Sauti ya Nani Tunayosikia?



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja wetu alibaki amekaa. Akatuambia kwamba mtumishi mmoja amemletea ujumbe: Mungu ameonyesha kuwa mtoto wake wa miaka 8 ndiye anayefunga baraka za nyumba. Mtoto anakojoa kitandani, anasinzia darasani, na biashara ya mama imeanguka. Aliambiwa amfungishe mtoto chakula siku 3. Mama akalia: "Kama ni Mungu amesema, mimi ni nani nikatae?"

Swali hilo lilitunyamazisha. Kuomba tunajua, hata usiku mzima. Lakini kusikiliza tulifundishwa na nani?

Tulifungua 1 Samweli 3. Samweli alikuwa analala ndani ya nyumba ya Mungu, na hata hivyo Mungu alipomwita hakuitambua sauti. Mara tatu alimkimbilia mzee Eli. Basi kusikiliza ni jambo la kujifunza, na hata aliye karibu na madhabahu anaweza kukosea. Eli naye hakutunga ujumbe. Alimrudisha mtoto akalale na kungoja. Ujumbe ulipokuja, haukumletea Eli faida yoyote. Ulimkemea yeye na nyumba yake, naye akaupokea. Tena tusisahau: usiku ule Mungu alisema na mtoto.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya alikuwa juu ya mlima Horebu. Upepo ulipita, nchi ikatetemeka, moto ukawaka, lakini Bwana hakuwa ndani ya hayo. Alikuja kwa sauti ndogo ya utulivu. Basi mwenye kelele nyingi si lazima awe ndiye aliyebeba neno la Mungu.

Kwa hiyo tukiletewa ujumbe, tujiulize mambo matatu. Je, unafanana na Yesu, ambaye katika Mathayo 18 alimweka mtoto katikati na kuwaonya wanaowakosesha wadogo? Je, anayeuleta anapata pesa au sifa? Je, anakubali tuupime? 1 Yohana 4 inatuamuru kuzijaribu roho. Kupima si kukosa imani.

Sheria ya nchi nayo inasema wazi. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo.

Tulipofika kwa mama huyo, tulimuuliza mtoto mwenyewe. Akasema tumbo linamuuma tangu zamani. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Kesho yake wawili wetu tuliwasindikiza kwenye kituo cha afya. Alikutwa na minyoo na upungufu wa damu, akapewa dawa.

Hatutawaficha: bado anakojoa siku nyingine, biashara haijasimama, na majirani hawajanyamaza. Lakini mtoto anakula, na analala karibu na mama yake. Sisi nasi tunakiri kosa letu. Uvumi ule tulikuwa tumeusikia mapema, tukaupitisha kutoka mlango hadi mlango, bila kwenda kuuliza.

Ndugu zetu, juma hili tujaribu jambo dogo. Asubuhi, mbele ya kuwasha makala, tusome mistari michache, kisha tunyamaze dakika 10 bila kuomba kitu. Jioni, kila mama akae na mtoto wake mmoja, amuulize habari zake, na asimkatize. Tukishindwa kumsikiliza mtoto tunayemwona, tutamsikilizaje Mungu tusiyemwona?

Na mama yeyote aliyeletewa ujumbe unaomtia hofu asibaki nao peke yake. Mlango wa chama uko wazi. Tutasoma, tutaomba, na tutanyamaza pamoja naye.